Namna ya Kuendesha Somo la Mama na Mwanamke Chini ya Ufashisti wa Italia: Mwongozo kwa Walimu na Vikundi vya Malindi

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa historia, kiongozi wa kikundi cha akina mama, au kijana anayeongoza watalii hapa Malindi, ambaye angependa kukaa na watu wazima kwa jioni tatu na kuzungumza nao jambo ambalo vitabu vya shule hulipita mbio: jinsi serikali ya kifashisti, yaani ya kidikteta iliyoweka taifa juu ya mtu, ya Benito Mussolini, iliyotawala Italia kuanzia Oktoba 1922 hadi Julai 1943, ilivyomsifu mama, ikamlipa, ikamkagua, na papo hapo ikamfungia mwanamke milango iliyokuwa imeanza kufunguka. Si lazima ujue Kiitaliano, ingawa katika mji ambao muuza vinyago wa ufuoni hupatana bei kwa lugha hiyo, huenda nusu ya darasa lako wakakifahamu vizuri kuliko wewe.

Usilianze somo kwa kusema "huko Ulaya". Mwaka 1925 Uingereza iliikabidhi Italia eneo la Jubaland pamoja na Kismayu, na kwa hatua hiyo Wabajuni wa visiwa vilivyo kaskazini ya Kiunga wakajikuta chini ya utawala wa kifashisti, hali jamaa zao wa Faza, Lamu na Malindi wamebaki chini ya Mwingereza. Oktoba 1935 majeshi ya Italia yaliivamia Ethiopia, na Oktoba 1940 ndege za Italia ziliangusha mabomu hapa hapa Malindi. Tandika ramani sakafuni, waache watu waelekeze kwa vidole njia ya majahazi kutoka Malindi hadi Kismayu, ndipo uipandishe mikono hadi Roma. Darasa lililopita njia hiyo haliulizi tena somo hili linatuhusu nini.

Jambo la kulishikilia

Kabla ya kuchapisha karatasi yoyote, amua kwamba kila utakalolitaja litawekwa pamoja na bei yake. Nimeona masomo ya namna hii yakiharibika kwa njia mbili. Mwalimu anayeonyesha zahanati, tuzo na posho peke yake huwaacha watu wakimsifu Mussolini. Na anayeonyesha marufuku peke yake hawezi kueleza kwa nini wanawake wengi wa Italia waliipenda serikali hiyo kwa dhati, wakavaa sare zake na kuandamana chini ya bendera zake. Kwa hiyo kanuni ni kwamba mama alipewa nini, mwanamke alinyimwa nini, na ni mama gani hakuhesabiwa kuwa mama, yote matatu yawe mezani kwa wakati mmoja.

Jioni ya kwanza, mara nyingi kabla hata chai haijamiminwa, atatokea mtu wa kuuliza: sisi nasi tunafunzwa kwamba pepo i chini ya nyayo za mama, sasa kuna ubaya gani serikali kumheshimu mzazi? Swali hilo ni la haki, usilikwepe. Jibu ninalolitoa ni kwamba heshima tunayoijua sisi ni deni la mtoto kwa mama aliyembeba na kumnyonyesha, na deni hilo halimpi chifu wala waziri haki yoyote juu ya tumbo lake. Katika Italia ya Mussolini mama ndiye aliyekuwa akidaiwa, na mdai alikuwa ni dola. Tarehe 26 Mei 1927 Mussolini aliliambia bunge kwamba Italia, iliyokuwa na watu wapatao milioni 40, sharti iingie nusu ya pili ya karne ikiwa na watu wasiopungua milioni 60, kwa kuwa taifa lenye watu wachache haliwezi kujenga dola kubwa. Mwaka 1934 akasema kwamba vita kwa mwanamume ni kama uzazi kwa mwanamke. Isome kauli hiyo polepole, mara mbili, mbele ya wanawake waliozaa, kisha nyamaza. Wao wenyewe wataona mtoto anayehimizwa hapo anatakiwa kwa kazi gani.

Jioni ya kwanza: kamba na kadi

Nunua kamba ya kuanikia nguo, vibanio, karatasi za manila za rangi tatu na kalamu za wino mzito. Usitegemee projekta, kwa maana stima hupotea wakati ule ule usiotakiwa, na tena mtu aliyeshika kadi mkononi husoma kwa makini kuliko anayetazama ukuta. Nyeupe iwe ya kilichotolewa, njano ya kilichokatazwa, na buluu ya waliotengwa. Funga kamba toka dirisha hadi mlango, weka 1922 upande mmoja na 1946 karibu na upande wa pili, uache na nafasi kiasi baada ya 1946 ambayo hutaieleza kwa sasa. Usitundike wewe. Gawa kadi, kila mtu asome yake kwa sauti, aitafutie mahali pake, aibane. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake, kisha ndiye atundike.

Kadi nyeupe ya kwanza ni ya Desemba 1925, ilipoundwa taasisi ya taifa ya kuwahudumia akina mama na watoto, Opera Nazionale Maternità e Infanzia, iliyojulikana kwa kifupisho chake, ONMI. Eleza kazi yake bila kejeli, kwa sababu ilikuwa kazi ya kweli: kliniki, maziwa, chakula kwa mama maskini, na msaada hata kwa mama asiye na mume, mradi amtambue mtoto wake na amnyonyeshe mwenyewe. Taasisi hiyo iliishi kuliko ufashisti wenyewe, maana ilivunjwa mwaka 1975. Nyeupe nyingine ni sheria ya 1928 iliyozipunguzia kodi familia zenye watoto wengi, sheria ya 1934 ya kumlinda mfanyakazi mjamzito, na mikopo ya kuoa iliyoanza 1937, ambayo sehemu yake ilisamehewa kila mtoto alipozaliwa.

Sasa njano. Mwaka 1923 wanawake walizuiwa kuwa wakuu wa shule za sekondari, na Desemba 1926 wakakatazwa kufundisha fasihi, historia na falsafa katika shule za juu za sekondari, yaani masomo yale yale ambayo ndani yake kijana hujifunza kufikiri juu ya nchi yake. Septemba 1938 ikatoka amri kwamba wanawake wasizidi asilimia 10 ya wafanyakazi wa ofisi, za serikali na za watu binafsi. Amri hiyo ilisimamishwa mwaka 1940, wanaume walipoitwa jeshini na ofisi zikabaki tupu, jambo ambalo peke yake linatosha kuonyesha kwamba uwezo wa wanawake haukuwahi kuwa na shaka.

Zipo kadi mbili ninazopenda zitundikwe zikigusana. Ya kwanza ni ya Novemba 1925, sheria iliyowaruhusu baadhi ya wanawake kupiga kura katika chaguzi za mabaraza ya miji. Ya pili ni ya Februari 1926, serikali ilipoanza kuzifuta chaguzi hizo zenyewe na kuweka mahali pa meya ofisa aliyeteuliwa kutoka juu, aliyeitwa podestà. Mwanamke wa Italia alipewa karatasi ya kura na sanduku likaondolewa kabla hajalifikia. Waulize wanakikundi rangi ya kadi hizo mbili, wakibishana, umefaulu.

Ubishi mwingine huzuka juu ya kodi ya makapera, iliyoanza 1927 na kutozwa wanaume wasiooa wa umri wa miaka 25 hadi 65, mapadri wakiachwa, fedha zake zikielekezwa kwa ONMI. Hapo patakuwa na vicheko na majina ya watu wa mtaani yatatajwa, na ni vizuri yatajwe, ilimradi baada ya kucheka mrudi kwenye swali: kwa nini mwanamke asiyeolewa hakutozwa? Mimi nadhani ni kwa sababu sheria haikumwona kuwa mtu anayechagua kuoa au kutooa. Ilimwona kama anayesubiri kuchaguliwa. Darasa lako laweza kuwa na jawabu jingine.

Kadi nzito kuliko zote ni ya Sheria ya Makosa ya Jinai ya 1930, iliyoandaliwa chini ya waziri wa sheria Alfredo Rocco na kuanza kutumika Julai 1931. Itengee muda. Ndani yake kuavya mimba hakukuwekwa katika makosa dhidi ya mtu, bali katika sura yake yenyewe ya makosa dhidi ya uzima na afya ya kizazi cha taifa, na katika sura hiyo hiyo ilikuwa hatia kuhimiza watu kupanga uzazi. Mke aliyezini aliadhibiwa kwa tendo moja, ilhali mume aliadhibiwa endapo tu alimweka kimada nyumbani au hadharani mahali pengine. Na mwanamume aliyemuua mke, binti au dada yake baada ya kumfumania, akaua kwa hasira ya kuvunjiwa heshima, alipata kifungo cha miaka 3 hadi 7. Usiongeze neno baada ya kusoma hayo. Katika chumba chenye wanaume na wanawake pamoja, kimya kitakachofuata ni sehemu ya somo, na wa kwanza kukivunja asiwe wewe.

Katika darasa la dini mbili utaulizwa Kanisa lilikuwa wapi. Jibu kwa ufupi: mwaka 1929 Vatikani na Mussolini walitia saini mapatano ya Laterano, ya kupatanisha Kanisa na dola ya Italia, na Desemba 1930 Papa Pius XI akatoa waraka uliopinga uzuiaji wa mimba. Waliafikiana katika uzazi, lakini Kanisa lilikuwa na hoja zake za kale kuliko chama cha kifashisti, na waliwahi kugombana vikali juu ya nani awalee vijana. Usiligeuze kuwa somo la kulaumu dini ya mtu.

Funga jioni hiyo kwa matokeo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Italia ilikuwa na vizazi karibu 30 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1930, baada ya tuzo, kodi, hotuba na vifungo, vilikuwa karibu 23. Sensa ya 1951 ilihesabu watu wapatao milioni 47. Wanawake wale wale waliokuwa wakishangilia uwanjani walirudi nyumbani na, pamoja na waume zao, wakazaa kwa kadiri ya mshahara, ya chumba na ya nguvu zao.

Jioni ya pili: kusoma picha, kisha pete

Picha za wakati ule zimejaa mitandaoni na ni rahisi kuzichapisha, lakini zimepigwa na upande mmoja. Nyingi ni za Istituto Luce, shirika la picha na filamu lililoanzishwa 1924 na kufanywa chombo cha dola mwaka uliofuata, ambalo filamu zake za habari zililazimishwa kuonyeshwa katika kila sinema. Wafunze washiriki wako kwanza kusoma tarehe, kwa maana maandishi mengi ya wakati ule hayana mwaka tunaoufahamu, bali namba ya Kirumi inayohesabu miaka ya ufashisti kuanzia Oktoba 1922. Chukua 1921, ongeza namba hiyo, na utapata mwaka ambao mwaka huo wa kifashisti ulianza. Namba XII ilianza Oktoba 1933, na XIV ilianza Oktoba 1935. Vijana wanaoongoza watalii hulipenda zoezi hili, kwani kuna wageni wao wanaoiona namba hiyo kila siku juu ya milango ya shule na posta huko kwao.

Picha ya kufanyia kazi ni ya Desemba 1933. Tarehe 24 mwezi huo, mkesha wa Krismasi, iliadhimishwa kwa mara ya kwanza Siku ya Mama na Mtoto, na wanawake 93 waliozaa sana kuliko wenzao, mmoja kutoka kila mkoa, wakaletwa Roma kutunzwa na kukutana na Mussolini. Mpe kila kundi la watu wanne nakala moja na uwape maswali haya, moja baada ya jingine bila haraka: nani amesimama mbele, nani amekaa, nani anatazama kamera, nani amevaa nguo za siku zote na nani amevalishwa? Waume wako wapi? Nani amebaki nyumbani akiwalea watoto hao wote siku hiyo ya kuadhimisha malezi? Kisha waulize kile ambacho picha haiwezi kuonyesha: watoto waliozikwa, mashamba waliyolima wanawake hao, na kama kuna yeyote kati yao aliyeulizwa idadi aliyotaka mwenyewe. Bibi mmoja aliitazama picha ya namna hii kwa muda, akairudisha mezani na kusema, "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza." Nimeacha kutafuta maelezo bora kuliko hayo ya kazi ya propaganda. Katika miaka hiyo ya 1930 ofisi ya habari ya serikali ilifika hadi ya kuyaagiza magazeti yasichapishe picha za wanawake wembamba, kwa hofu kwamba wembamba ungedhaniwa kuwa urembo.

Mkiwa bado katika picha, onyesha na ile ya familia ya Mussolini mwenyewe, mkewe Rachele na watoto wao watano, iliyosambazwa kama kielelezo cha nyumba njema. Kisha lisimulie jina la Ida Dalser, aliyemzalia Mussolini mtoto wa kiume mwaka 1915, Benito Albino, ambaye baba yake alimtambua kisheria. Dalser aliposhikilia kwamba yeye ndiye mke, alifungiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili mwaka 1926 na akafa mikononi mwa hospitali kama hiyo mwaka 1937; mwanawe naye alifungiwa, akafa mwaka 1942 akiwa na miaka 26. Alikuwa mama, na alikuwa amezaa mtoto wa kiume, lakini sifa za umama hazikumfikia.

Baada ya mapumziko ya sala ya magharibi, ingia katika pete. Hili ndilo zoezi ambalo watu wa pwani hulishika upesi, kwa sababu wanajua dhahabu ya mwanamke ni kitu gani. Bangili, kidani na pete si mapambo tu. Ni akiba yake yeye, hupelekwa kwa sonara kupimwa mtoto anapougua au ada ya shule inapokosekana, na mume mwenye adabu haigusi bila ruhusa. Usimwambie mtu avue chochote. Mwambie kila mwenye pete aitazame, aseme kimoyomoyo ilitoka kwa nani na imewahi kumwokoa na nini, na baada ya hapo ndipo usome.

Novemba 18, 1935, Shirikisho la Mataifa, jumuiya ya mataifa ya wakati ule, liliiwekea Italia vikwazo kwa kuivamia Ethiopia. Serikali ikajibu kwa kuwaita wanawake watoe pete zao za ndoa kwa ajili ya vita. Desemba 18 mwaka huo, siku iliyoitwa Siku ya Pete, Malkia Elena alitangulia mbele ya mnara wa taifa uliopo katikati ya Roma, akatoa yake na ya mfalme, na wanawake wakamfuata kwa safu ndefu, wengi wao wajane na mama wa askari waliokufa katika vita vya 1915 hadi 1918. Kila aliyetoa dhahabu alirudishiwa pete ya chuma. Ndani ya pete hizo kulichorwa maneno ya kutoa dhahabu kwa nchi, pamoja na tarehe ya vikwazo na namba XIV, ambayo darasa lako sasa linaweza kuisoma bila msaada.

Zungumzeni hapo kwa urefu. Mama mmoja muuza mahamri aliwahi kuuliza: "Na mume alitoa nini?" Ni swali la maana, na jibu la haki ni kwamba wanaume nao walitoa, mwandishi Luigi Pirandello alitoa nishani yake ya Nobel aliyoipata mwaka 1934, na hata mwanafalsafa Benedetto Croce, aliyejulikana kwa kuupinga ufashisti, alitoa nishani yake ya useneta. Lakini nishani hutolewa na taifa, na taifa likiitaka irudi, imerudi ilikotoka. Pete ya ndoa haikutoka kwa taifa. Mwanamke aliyeivaa ile ya chuma alikuwa amekubali, kwa hiari au kwa kuwaogopa majirani waliokuwa wakitazama vidole, kwamba kuna mwingine aliyeingia kati yake na mumewe.

Na dhahabu ilinunua nini? Hapa pachike kadi buluu kando ya ile ya pete. Katika vita hivyo jeshi la Italia lilitumia gesi ya sumu, Addis Ababa ikatekwa Mei 1936, na baada ya jaribio la kumuua Rodolfo Graziani, mtawala wa Kiitaliano huko, tarehe 19 Februari 1937, askari na raia wa Kiitaliano waliwaua watu wa mji huo kwa siku tatu, wanawake na watoto wakiwamo. Wakimbizi walivuka mpaka kuingia Kenya. Huko Uingereza Sylvia Pankhurst, ambaye alikuwa amepigania kura ya wanawake, alianzisha mwaka 1936 gazeti la kuitetea Ethiopia, na hatimaye alihamia Addis Ababa na kufia huko mwaka 1960.

Jioni ya tatu: mama ambao hawakuhesabiwa

Aprili 1937 ilitoka amri iliyomtishia Mwitaliano kifungo cha hadi miaka 5 akiishi kindoa na mwanamke Mwafrika wa makoloni; Novemba 1938 sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi zikapiga marufuku ndoa kati ya Waitaliano walioitwa Waarya na watu wa asili nyingine; na Mei 1940 sheria nyingine ikamkataza baba Mwitaliano kumtambua mtoto aliyezaa na mwanamke wa koloni, malezi na gharama zote zikabaki kwa mama na watu wake. Linganisha na hotuba ya 1927 ya kutaka watu milioni 60. Serikali iliyolia kwamba haina watoto wa kutosha iliwakana watoto waliokwisha kuzaliwa. Kama kuna atakayeuliza juu ya Ujerumani, mweleze kwa sentensi mbili: huko sheria ya kuwahasi watu kwa lazima ilipitishwa Julai 1933, na msalaba wa heshima kwa mama ukaanzishwa Desemba 1938, wa shaba kwa watoto 4, wa fedha kwa 6 na wa dhahabu kwa 8. Nishani na kisu vilitoka katika serikali moja.

Hapa pana tahadhari ambayo naiweka juu ya nyingine zote. Malindi ina watoto na watu wazima waliozaliwa na mama wa hapa na baba Mwitaliano, na baadhi yao, au mama zao, wanaweza kuwa wameketi mbele yako. Usimtolee mfano mtu yeyote, usiulize nani analijua jambo hili kwa maisha yake, na ukiona mzaha umeanza kuelekea kwa mtu, ukate kwa kumpa aliyeuanzisha kadi ya kusoma. Vivyo hivyo usiwafanye Waitaliano wa leo, wenye hoteli, wahandisi wa kituo cha anga cha Ngomeni au bibi aliyestaafu akajenga Casuarina, kuwa washtakiwa wa mambo ya babu zao. Wapo miongoni mwao ambao nyanya zao walifungwa na serikali hiyo hiyo. Ukimwalika mmoja wao, mwambie mapema kwamba anakuja kusikiliza na kujibu atakalopenda, si kujitetea.

Kama una nafasi, tuma wawili watatu wakazungumze na wazee wenye asili ya Kismayu na visiwa vyake. Waliokuwa watu wazima kabla ya Waingereza kuingia Kismayu Februari 1941 ni nadra kupatikana leo, kwa hiyo mnatafuta zaidi kile ambacho wajukuu walihadithiwa. Aendaye awe mtu wa umri unaostahili, ikiwezekana mwanamke kwa bibi, apige hodi, aketi, amwulize hali na watoto, na asilitaje neno ufashisti. Aulize kuhusu siku za Mtaliani. Nani alimzalisha mama yako, mkunga wa mtaani au daktari? Wanaume walichukuliwa kwa kazi au kwa askari? Mama alibaki na nani, akala nini? Kabla ya kuwasha simu kurekodi aombe idhini, na jina la mzee lisiandikwe popote bila ya ruhusa yake. Akikataa kuzungumza, mshukuru, kunywa kahawa yako na uage.

Mkirudi darasani, ijazeni sehemu ya kamba inayofikia 1946. Mpe mwalimu aliyemo kikundini kadi ya Lina Merlin, kwani huyo alikuwa mwalimu pia: alifukuzwa kazi mwaka 1926 kwa kukataa kula kiapo cha utii kwa serikali, akapelekwa uhamishoni Sardinia, na baadaye akashiriki harakati za ukombozi. Novemba 1943 vikaundwa Milano vikundi vya kuwatetea wanawake, vilivyobeba chakula, dawa, barua na silaha kwa wapiganaji wa msituni. Kura ya wanawake ilitangazwa mwanzoni mwa Februari 1945. Tarehe 2 Juni 1946 waliipiga katika uchaguzi wa taifa zima, ufalme ukaondolewa, na wanawake 21 wakaingia katika bunge la kutunga katiba, Merlin akiwa mmoja wao. Ni yeye aliyesimamia maneno ya jinsia yaingizwe katika kifungu cha tatu kinachosema raia wote ni sawa mbele ya sheria.

Watu wakianza kupiga makofi na kukunja jamvi, wazuie. Bado una kadi mkononi za ile nafasi uliyoiacha baada ya 1946, nazo ni za sheria ya 1930. Vifungu vya uzinzi vilibatilishwa na Mahakama ya Katiba kati ya 1968 na 1969, hatia ya kuhimiza upangaji uzazi ikabatilishwa mwaka 1971, sheria ya kuavya mimba ikabadilishwa 1978, na nafuu ya kifungo kwa aliyeua kwa ajili ya heshima ikafutwa mwaka 1981, miaka 36 baada ya kifo cha Mussolini. Zitundike moja moja, mpige picha kamba yote kwa simu kabla ya kuifungua, na kadi zifungwe kwa mpira kwa kufuata rangi, ili kikundi kitakachozihitaji baadaye kianze na ubishi wa rangi badala ya kuanza kwa kuandika upya.